Mbegu ya ukoka: niiloweke kwanza au niimwage kavu?

MamaKiamunyi (Nakuru)
Hamjambo wenzangu. Naomba ushauri kabla mvua ya masika haijashika. Nyumba imeisha, lakini uwanja wa mbele, kama mita 10 kwa 12, bado ni vumbi tupu. Upepo wa mchana ukianza, vumbi la huku linaingia mpaka kwenye sufuria. Nimenunua kilo moja ya mbegu ya ukoka, ile ambayo paketi yake imeandikwa Bermuda. Udongo umelimwa, mawe yametolewa, samadi iliyooza imechanganywa. Kilichobaki ni mbegu yenyewe. Jirani wa upande huu ananiambia niiloweke usiku kucha. Wa upande ule anasema nikiiloweka nitaiua, niimwage kavu tu. Maji ya mfereji huku huja kwa mgao na tangi langu ni la lita 1,000. Nimsikilize nani?

FundiBustani (Nakuru)
Pole na vumbi, mama. Kabla ya habari ya maji, mimina mbegu kidogo kiganjani uiangalie. Ikiwa na rangi ya kutiwa, kijani au waridi, na inaacha unga kwenye vidole, hiyo imepakwa dawa au imevikwa koti. Usiiloweke kabisa, maana maji yataosha kile ulicholipia. Vaa glavu ukiishika, na kuku wafungiwe siku hiyo.

Kama haina rangi, angalia tena. Iliyokobolewa ni punje ndogo sana za kahawia, zinateleza kiganjani. Yenye ganda ni nyepesi, imefifia kama makapi, ukipuliza inaruka. Iliyokobolewa huota upesi hata bila kulowekwa. Yenye ganda huchelewa, na hiyo ndiyo inayofaidika zaidi na maji.

MwalimuMstaafu (Kakamega)
Nakubaliana na fundi, ila mama asipande chochote kabla ya kuijaribu. Mbegu ya nyasi huzeeka dukani, na paketi nzuri haikwambii ilikaa karibu na dirisha lenye jua kwa muda gani. Hesabu punje 100. Ni kazi ya macho, tumia ncha ya kisu juu ya karatasi nyeupe. Tandika kitambaa cha pamba kilicholoa kwenye sahani, panga punje zisigusane, funika kwa karatasi ya nailoni na uweke jikoni mahali penye joto, si juani. Kitambaa kisikauke, wala kisielee maji. Ukoka huanza kuchomoza baada ya wiki hivi, lakini ipe wiki mbili kabla ya kuhukumu. Zikiota 80, una mbegu nzuri. Zikiota 40, utahitaji karibu mara mbili ya kipimo.

NyarNyamasaria (Kisumu)
Mimi huloweka, na nasimama hapo. Jioni naitia mbegu kwenye mfuko wa kitambaa, naudidimiza kwenye ndoo ya maji ya kawaida, si ya moto. Asubuhi nabadilisha maji, na saa 24 hazizidi. Halafu nauning'iniza mpaka uache kudondoka, nautandaza ndani ya gunia bichi kivulini, na kila jioni naugeuza ili katikati pasichemke. Waliokulia kwa mama anayeotesha wimbi apate kimea cha busaa, ile pombe ya kienyeji, wanajua ninachosema, ni vilevile. Ukiona nukta nyeupe kwenye punje za kwanza, siku hiyohiyo unapanda. Ukingoja mizizi irefuke, itakatika ukitawanya.

Chebii_Uasin (Eldoret)
Dada wa Nyamasaria, wewe uko Kisumu, ziwa liko karibu na joto halikosi. Huku juu, usiku wa baridi, mbegu iliyoloa inakaa gunia zima bila kufanya lolote mpaka inanuka. Mimi ningemwambia mama aachane na mbegu, atafute vipandikizi vya nyasi ya kikuyu, vipo kila ukingo wa barabara. Mbegu yake hujificha ndani ya ala ya jani, pale jani linapokumbatia shina, ndiyo maana wengi hatuioni.

MamaKiamunyi
Asante Chebii, lakini mbegu nimeshainunua na ninataka jani jembamba, watoto wacheze. Fundi, yangu ni ya kahawia, haina rangi ya dawa. Nimeiweka kwenye sahani kama mwalimu alivyosema. Nitarudi na jibu.

MamaKiamunyi
Nimerudi. Zimeota 60 na kitu kati ya 100. Mvua imeanza kunyunya jioni, bado haijatulia. Sasa?

FundiBustani
Hiyo si mbaya. Ukoka uliokobolewa huhitaji kama gramu 5 hadi 10 kwa mita moja ya mraba. Uwanja wako ni mita 120 za mraba, kwa hiyo kilo yako ni gramu 8 na kitu kwa kila mita. Kwa mbegu inayoota hivyo, imwage yote, usibakize.

Kuhusu kuloweka, piga hesabu ya tangi. Mbegu iliyokwisha kunywa maji ikaamka, ikikaukiwa mara moja inakufa. Milimita 2 tu za maji kwa siku juu ya uwanja huo ni lita 240. Tangi la lita 1,000 linaisha siku ya nne, na mgao hauna ahadi. Udongo wetu wa volkano nao haushiki maji juu, saa nane mchana umeshakauka. Mbegu kavu inaweza kungoja, iliyolowekwa haingoji. Jirani wa kwanza hakukosea, ila pengine ana kisima.

Ningefanya hivi: kipande kilicho karibu na mlango, mita 30 za mraba hivi, panda kwa mbegu iliyolowekwa usiku mmoja, hicho unaweza kukinywesha asubuhi na jioni. Kwingine kote mbegu ikae ndani ya paketi mpaka mvua inyeshe siku kadhaa mfululizo na udongo uloe kiasi cha kidole kizima, ndipo umwage kavu.

NyarNyamasaria
Kwa hilo la maji nampa fundi haki. Mama, iliyolowekwa ianike kivulini mpaka isishikane vidoleni, kisha ichanganye na mchanga mkavu, mbegu moja kwa mchanga tano. Bila mchanga utapata mashada hapa na upara pale. Nusu imwage ukienda sambamba na uzio, nusu ukikatisha uwanja.

MamaKiamunyi
Na sisimizi? Huku ni wengi, nimeona wakibeba hata punje za mchele.

FundiBustani
Wanabeba iliyolala juu juu. Pitisha reki kwa wepesi, mbegu isizame zaidi ya nusu sentimita, halafu kandamiza kwa pipa lenye maji kidogo au hata kwa ubao unaoukanyaga. Tandaza majani makavu machache juu, yasiyo na mbegu zake, uone udongo kati yake. Ukimwaga leo na mvua ikaja wiki ijayo, sisimizi watakuwa wamevuna, kwa hiyo angalia mawingu ya upande wa mlima Menengai kabla ya kufungua paketi.