FJ40 ya 1978: kubaki na 2F, au kuweka 1HZ, 3B au V8? Ipi inapandisha bei?

Kirumba40 (mwanzisha mada)
Wakuu, naomba mawazo. Kuna Land Cruiser FJ40 ya mwaka 1978, usukani kulia. Injini ni 2F ya petroli iliyotoka nayo kiwandani, na namba yake ndiyo iliyo kwenye kadi ya gari. Chasisi haijachomelewa popote. Tatizo: haina nguvu mlimani, silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) haitulii, na petroli lita moja haivuki kilomita tano.

Fundi mmoja Nyakato kasema injini imekufa, tung'oe tuweke 1HZ, dizeli ya Toyota. Kompresheni (shinikizo la hewa ndani ya silinda) iliyopimwa injini ikiwa ya moto: silinda ya 1 psi 132, ya 2 psi 128, ya 3 psi 88, ya 4 psi 90, ya 5 psi 130, ya 6 psi 134.

Machaguo: kufanya ovahoo ya 2F, kuweka 1HZ, kuweka 3B ya dizeli ya enzi ileile, au V8 ya Chevrolet kama wanavyofanya Wamarekani. Matumizi ni wikiendi, Mwanza hadi Sengerema kwa kuwa sasa daraja lipo. Baada ya miaka mitatu hivi liuzwe, ikiwezekana kwa mnunuzi wa nje. Swali ni bei tu: ipi inaipandisha?

NozeliDada
Mkuu, kabla hujalinganisha injini nne, zisome hizo namba upya. Silinda nne zimekaa kati ya 128 na 134. Injini mpya ya 2F inatoa karibu 150, na kikomo cha chini ni kama 115. Kwa hiyo hizo nne ni nzima. Zilizoanguka ni ya 3 na ya 4, ambazo zinapakana, na zimeanguka karibu sawasawa. Injini iliyokwisha ringi (pete za pistoni) haichagui majirani wawili wa katikati ikawaacha wengine salama. Hapo mshukiwa wa kwanza ni gasketi ya silinda hedi (kizibo bapa kati ya bloku na hedi) iliyoungua kwenye ule ukuta mwembamba kati ya silinda hizo mbili, hewa ya moja inatorokea kwa mwenzake.

Thibitisha hivi. Injini ikiwa ya moto, toa plagi zote sita, chomoa waya wa koili, mtu akanyage mafuta hadi mwisho ili karbureta ifunguke yote, kisha piga stata mizunguko sita hadi nane kwa kila silinda. Betri iwe na chaji ya kutosha, la sivyo zote zitasoma chini. Halafu mimina kijiko kimoja cha oili kwenye ya 3 na ya 4, upime tena. Zikipanda sana, ni ringi. Zisipopanda, ni gasketi au valvu. Mwisho, ingiza upepo wa kompresa silinda ya 3, pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zimefungwa, usikilize kwenye tundu la plagi ya 4. Ukisikia upepo huko, kesi imekwisha.

Ukifungua hedi, usirudishe gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda. Weka rula ya chuma, pima kwa fila geji (vipande vyembamba vya kupimia nafasi). Ikizidi milimita 0.15 ipeleke ikachongwe. Angalia pia manifoldi (mabomba ya hewa na ya moshi ubavuni mwa injini). Kwenye 2F ya kuingiza na ya kutolea moshi zimefungwa pamoja, zikipinda zinavuta hewa ya bure, na silensa haitatulia hata ukibadilisha karbureta tatu. Nafasi ya valvu, injini ikiwa ya moto: ya kuingiza milimita 0.20, ya kutolea 0.35. Mafundi wengi huzibana zote sawa kwa kuogopa kelele, na ya kutolea moshi ndiyo inayoungua.

DifuLoki
Dada kasema kweli kuhusu gasketi, lakini petroli itabaki petroli. Hata ikiwa mpya, 2F ni lita moja kwa kilomita tano au sita. Na mnunuzi wa Ulaya hayupo Buhongwa. Hapa kanda ya ziwa Land Cruiser kuukuu lenye 1HZ halikai gereji: watu wa migodi Geita, watu wa samaki, watu wa mashamba, wote wanaulizia dizeli, na spea za 1HZ zipo kila duka kwa sababu ya zile pikapu za Land Cruiser 79. Mwenye 2F anasubiri mteja.

Mwenye haraka na V8 ajibu kwanza swali moja: nani atailisha?

Ukienda 1HZ, nunua seti nzima kutoka Land Cruiser ya HZJ75: injini, belihauzingi (ganda la klachi), gia boksi ya H55F yenye gia tano na transfa yake (boksi la kugawa nguvu mbele na nyuma). Usinunue injini tupu ukitegemea gia boksi yako ya gia nne. Hapo ndipo watu wanapoanza kuchonga pleti za kuunganishia, shafti haikai katikati, na klachi inakufa kila miezi sita. Mambo ya kukagua:

– Washa ikiwa baridi, si baada ya muuzaji kuipasha moto. Fungua kifuniko cha oili: mvuke mwepesi sawa, moshi unaosukuma kiganja hapana.
– Mapovu kwenye rejeta ni hedi iliyopasuka. 1HZ iliyowahi kuchemsha, au iliyofungwa tabo (turbo) bila kupimwa joto la moshi, hupasuka maeneo ya vyumba vya awali vya kuchomea.
– Taimingi belti. 2F ina gia, 1HZ ina mkanda. Kama hakuna rekodi, badilisha kabla haijaingia kwenye gari.
– Volti. Zipo 1HZ za 12 na za 24. FJ40 ni 12. Stata, hita plagi na soleinodi ya kuzima injini lazima ziendane, la sivyo hita plagi zitaungua siku ya kwanza au hazitapata moto kabisa.
– Dizeli haina vakyumu (mvuto wa hewa) ya manifoldi. Injini ije na pampu yake ya vakyumu, bila hiyo busta ya breki haifanyi kazi.

Tangi lioshwe, uongeze bomba la kurudishia mafuta na chujio la kutenganisha maji. Propela shafti ya nyuma itafupishwa kwa kuwa H55F ni ndefu. FJ40 ni fupi, milimita 2,285 kutoka ekseli hadi ekseli, kwa hiyo shafti ikifupishwa pembe inakuwa kali na krosi (viungo vya shafti) zinalia.

Halafu jambo la kuchekesha: 2F ina kipenyo cha milimita 94 na mwendo wa pistoni 101.6, 1HZ ni 94 na 100. Ujazo unakaribia kabisa, cc 4,230 kwa 4,164. Anayetegemea 1HZ bila tabo limrushe kama Subaru atakata tamaa. Unachopata ni mvuto wa chini na unafuu wa mafuta, basi.

Busisi_Houston
Kirumba, kwa vile unamtaja mnunuzi wa nje: kwa Wamarekani suala hili lina historia ndefu kwenye magari yao ya V8, na jibu lao linategemea gari.

Chukua Camaro Z/28 ya 1969, V8 ya inchi za ujazo 302. Mbele ya hedi ya kulia bloku ina kibao kilichogongwa tarehe ya kuunganishwa, herufi za aina ya injini na sehemu ya namba ya gari. Zikilingana, ni bei nyingine. Zisipolingana, hata uweke LS3, V8 ya kisasa ya Chevrolet ya farasi 430, mkusanyaji anaondoka. Ndiyo maana wapo wanaosaga kibao na kugonga namba upya, na mkaguzi huangalia kama ile mistari myembamba ya mashine ya kiwandani bado ipo chini ya namba.

Sasa chukua Mustang ya 1966 yenye herufi T nafasi ya tano ya namba ya gari. Hiyo ni silinda sita, inchi 200, na haina anayeililia. Ukiweka V8 ya 289 bei inapanda. Lakini lazima ubadilishe na hubu, kwa sababu ya sita ina nati nne kila gurudumu na ya V8 ina tano. Kisha difu, springi za mbele, breki. Jumlisha risiti uone kama ongezeko la bei linazifikia. Mara nyingi halizifikii.

FJ40 yako iko upande wa Camaro. Herufi F ni familia ya injini, J ni Land Cruiser. Ukitoa F ukaweka 1HZ, kwa hesabu ya Toyota wenyewe hilo lingekuwa HZJ40, gari ambalo hawakulitengeneza. FJ40 nyingi zilizofungwa V8 ya Chevrolet zamani sasa zinauzwa chini ya zile zenye injini yake. Wapo wajenzi kama ICON wanaoweka V8 mpya na kuuza ghali sana, ila wanajenga gari zima upya, na mteja ananunua jina lao.

3B? Ilikuwa ya BJ42, ndugu wa dizeli wa FJ40, lita 3.4, kwa hiyo inaonekana ya nyumbani. Lakini BJ nyingi ni volti 24, na ina nguvu kidogo kuliko 2F. Unapoteza namba bila kupata mwendo. Ningeifuta.

Ukaguzi_Mza
Naongeza la karatasi. Kadi ina namba ya injini, ujazo na aina ya mafuta. Ukihama kutoka petroli kwenda dizeli vyote vinabadilika, kwa hiyo taarifa lazima ziende TRA (mamlaka ya mapato), gari likaguliwe, na uwe na hati za injini: ilitoka gari gani, iliuzwa na nani, namba inasomeka. Injini isiyo na asili ni kesi ya wizi inayosubiri siku yake. Na mjulishe bima. Ajali ikitokea na kadi inasema petroli, utajieleza sana.

DifuLoki
Nakubali kwa Houston, ila mtu anaweza kupata vyote. 2F inashikwa mbele na kwenye belihauzingi, 1HZ inashikwa ubavuni. Tengeneza mabano ya kufunga kwa bolti, usichomelee chasisi wala kukata ukuta wa mbele. Siku ya kuuza 2F inarudi.

NozeliDada
Inarudi ikiwa bado injini. Unyevu wa huku ziwani unaishika haraka. Kabla haijalala: mwaga maji yote kwenye bloku, weka oili mpya, mimina vijiko viwili vya oili kila silinda, zungusha kwa mkono, rudisha plagi, ziba matundu ya manifoldi na karbureta kwa pleti au mpira. Iwekwe juu ya mbao, si sakafuni, na kila mwezi izungushwe nusu mzunguko isisimame sehemu ileile. Piga picha ya namba ikiwa bado ndani ya gari, picha moja ionekane pamoja na chasisi.

Lakini pima oili kwenye ya 3 na ya 4 kwanza, mkuu.

Kirumba40
Tumepima leo mchana. Ya 3 imetoka 88 ikaja 91, ya 4 imebaki 90. Upepo unasikika kwenye tundu la jirani. Hedi inafunguliwa kesho. Rula ninayo, fila geji naazima. Gasketi ya 2F nimeambiwa zipo za aina mbili dukani, ya bei ndogo na ya Toyota.

NozeliDada
Ya Toyota. Na bolti za hedi ukaze kwa hatua tatu kuanzia katikati kwenda nje, kwa kipimo cha kitabu, si kwa bomba na nguvu za kijana.