Utabiri unasema mawingu 30%: nitoe darubini au nilale?

kilimia_7
Wakuu, nisaidieni kusoma hizi namba. Kesho saa tatu usiku utabiri unaonyesha mawingu 30%. Nikifungua tabaka: chini 0, kati 0, juu 30. Programu nyingine inasema 5% saa hiyohiyo. Nalenga galaksi ya Andromeda. Nishike ipi?

lenzi_kavu
Achana na ile jumla, soma tabaka. Mawingu ya chini, hadi kama kilomita 2, yanaziba kabisa, lakini yana mianya, na yale mafungu ya mchana yanayotokana na joto la ardhi mara nyingi huyeyuka jua likizama. Ya juu, kuanzia kama kilomita 6, ni chembe za barafu: utando mwembamba, nyota kali zinapenya, vitu hafifu vinamezwa. Sayari ya Zohali utaiona vizuri tu. Andromeda utaambulia kiini, ule ukungu wa pembeni hutauona. Kwa hiyo kwako wewe 30 ya juu ni mbaya kuliko 30 ya chini.

Halafu tabaka hazijumlishwi. Chini 30 na juu 30 si lazima iwe 60, maana hufunikana.

kilimia_7
Shukrani. Na hiyo 30 dhidi ya 5?

mkesha
Ni modeli mbili tofauti, yaani programu za kompyuta zinazokokotoa hali ya hewa ijayo. GFS ya Marekani inagawa dunia vipande vya kama kilomita 13, ECMWF ya Ulaya kama 9. Namba ni wastani wa kipande kizima, si anga ya juu ya paa lako. Zikipishana hivyo usichague inayokufurahisha (sote tuna ugonjwa huo). GFS huanza hesabu upya mara nne kwa siku, saa 0, 6, 12 na 18 UTC (saa ya kimataifa); linganisha matoleo matatu mfululizo. Ikienda 30, 45, 60, lala. Na hakikisha saa unayosoma ni ya kwako, si UTC.

lenzi_kavu
Zikibaki saa mbili utoke, tazama mfululizo wa picha za setilaiti uone mawingu yanaelekea wapi. Ila za usiku hupima joto: wingu la chini lina joto karibu sawa na la ardhi, halijitokezi. Picha safi haitoshi. Angalia kiwango cha umande pia, yaani joto ambalo hewa ikipoa hadi hapo umande huanza kutokea. Kikikaribia joto la hewa kwa nyuzi 2 hivi, tegemea ukungu au lenzi kulowa.

kilimia_7
Toleo jipya: juu 55. Nahamia Zohali.