Hereni za elektroniki kwa ng'ombe: wafugaji wadogo, tupeane uzoefu

Kahindo, Goma
Ndugu zangu, hamjambo. Binamu yangu anakamua ng'ombe wa watu huko Iowa, Marekani, jana kanitumia odio ndefu. Anasema tangu tarehe 5 Novemba 2024, ng'ombe wa maziwa, pamoja na wa nyama wenye miezi 18 kwenda juu wasiohasiwa, wakivalishwa hereni mpya ya kuvushia mpaka wa jimbo, lazima isomeke kwa macho na kwa mashine. Wafugaji wa chama cha R-CALF USA walikwenda mahakamani kuipinga sheria hiyo. Mimi nina ng'ombe wanne tu Mushaki, nikaogopa kabla ya wakati. Nani amewahi kuvalisha hereni? Leteni yaliyowapata nyinyi wenyewe.

Papa Ombeni, Minova
Mimi. Mradi mmoja ulitupa za plastiki, hata si za elektroniki. Nilivalisha kumi na mmoja, mvua ikiwa inanyesha kila siku. Nzi wakaingia kwenye vidonda. Ng'ombe wangu Bihogo sikio lilioza, dawa ya kupuliza nikanunua kwa mfuko wangu. Nne zilibaki kwenye waya wa uzio pamoja na vipande vya masikio. Daftari lao linasema nina kumi na mmoja, masikio yanasema saba! Ingekuwa ya elektroniki, mashine ya kuisomea ningeichajia wapi? Simu yenyewe naipeleka senta.

Shemeji wa Kigoma
Tanzania sheria ya utambuzi wa mifugo ni ya 2010, lakini moto uliwaka hereni zilipokuja na bei: shilingi 1,750 kwa ng'ombe, 1,000 kwa mbuzi au kondoo. Kaka wa mke wangu ana mbuzi 60. Aliuza mmoja ili awavalishe wenzake.

Kahindo
😂 Pole yake huyo mmoja.

Muganga wa mifugo, Kirotshe
Wakubwa, mimi nitawaudhi kidogo. Ugonjwa wa miguu na midomo ulipotushukia, tulifunga soko zima kwa sababu hatukujua mgonjwa katoka zizi gani. Wenye ng'ombe wazima wakakosa kuuza nao. Namba ya hereni ingesaidia. Ila anayeitaka ndiye ailipie, na asiyeweza asifukuzwe sokoni.

Mama Furaha, Sake
Muganga, nakuheshimu, lakini wewe unaogopa ugonjwa, mimi naogopa daftari. Nimekimbia mara mbili na ng'ombe usiku. Mara ya kwanza walikuja watu wenye silaha, wakamuuliza mchungaji: za nani hizi? Akasema hajui, za watu wengi. Uongo huo ndio uliokoa nusu ya zizi. Sasa mniambie, kama namba ya sikioni inaonyesha jina langu daftarini, na mashine na daftari viko mikononi mwa yeyote aliyekamata barabara wiki hiyo? Tena bariere, vile vizuizi vya barabarani. Leo nalipa kwa ng'ombe, kesho nitalipa kwa hereni iliyokatika njiani. Mwizi naye ana kisu, anakata sikio, kwisha.

Wangu niliyempoteza nilimpata Mushaki baada ya miezi mitano. Aliyemnunua alikataa kata kata. Wazee wakasema basi muite. Nilimuita kama ninavyomuita asubuhi wakati wa kukamua, akaja mpaka kwenye bega langu, mbele ya watu wote.

Papa Ombeni
Na yule mnunuzi?

Mama Furaha
Tulimrudishia nusu ya pesa, naye alikuwa ameibiwa kwa namna yake. Ng'ombe amezaa Jumapili, ndama jike. Masikio yake yote mawili ni mazima.

Kahindo
Hongera, mama. Wenye ng'ombe wa Walungu hawajasema bado. Tunawangoja.