Wali wa Wajamaika: ile harufu ni ya kiungo gani?

BintiLangoni (Lamu)
Salaam aleikum jamani. Nimerudi majuzi kutoka London, nilikwenda kumtazama dada yangu aliyejifungua. Siku ya nne mikate imenichosha, shemeji akanipeleka Brixton kwenye mkahawa mdogo wa Wajamaika: meza tano, vioo vimejaa mvuke, mama mwenyewe ndiye anayepakua. Akaniwekea wali wa maharage mekundu, mchuzi wa mbuzi, ndizi mbivu za kukaanga na mchicha, ambao wao huuita callaloo.

Tonge la kwanza nikanyamaza. Wallahi ule ni wali wa nazi! Tui limekolea, rangi ya maharage imeingia hadi ndani ya punje. Kisha likaja shelisheli limechomwa motoni, ganda jeusi, ndani jeupe linatoa moshi. Mimi nimelelewa na shelisheli la bibi yangu. Kulikuta huko, kwenye baridi ile, machozi yalinilenga.

Sasa shida yangu. Ndani ya wali mlikuwa na harufu kama ya karafuu, lakini si karafuu. Yule mama alinionyesha punje kavu za kahawia, zimepita pilipili manga kidogo kwa ukubwa, akaziita pimento. Hapa sokoni kila ninayemuuliza hazijui. Nitumie nini? Nataka mama aonje Ijumaa.

MpishiWaMelini (Malindi)
Waaleikum salaam dada. Nimepika melini miaka tisa na jirani yangu jikoni alikuwa Mjamaika. Hizo ni tunda la mti wa kwao, huchumwa likiwa bichi likaanikwa juani. Ukizikosa, saga mdalasini, kungumanga na karafuu mbili tu, zikizidi zitatawala chungu.

Maharage yachemshe yaive kabisa, na maji yake usiyamwage, rangi yote imo humo. Tia tui, kitunguu saumu, kitunguu cha majani na zaatari, ndipo mchele. Pilipili mbuzi iweke juu nzima na usiiguse na mwiko. Ikipasuka, hakuna atakayekula. Krismasi wao hutumia mbaazi badala ya maharage, kwa hiyo hata mbaazi zetu zafaa.

BabuShela
Mwanangu, shelisheli si la kwao asili. Bligh, nahodha Mwingereza, alilifikisha Jamaika mwaka 1793 kutoka Tahiti, kisiwa cha bahari ya Pasifiki, wenye mashamba ya miwa wakitafuta chakula rahisi cha kuwalisha watumwa. Safari yake ya kwanza iliharibika mabaharia walipomwasi, 1789. Waliolishwa kwa lazima ndio waliolifanya chakula cha heshima, kwa hiyo ukilichoma, lichome vizuri.

BintiLangoni (Lamu)
Ahsante babu, ahsante kaka. Nimepika jana. Mama asema zaatari imezidi na wali ulitaka dakika chache zaidi za makaa juu ya kifuniko. Ukoko ameukwangua mwenyewe.