Mavuno ya mwisho wa kiangazi: tugandishe, tukaushe au tuweke kwenye chupa?

BustaniUani (Minneapolis)
Wadau salaam. Mwenzenu bustani ya uani imenizidi nguvu. Huku Minnesota ikifika mwisho wa Agosti kila kitu kinaiva kwa mpigo: nyanya, sukuma wiki, mchicha, bamia, maharage mabichi, na zukini (aina ya boga refu linaloliwa likiwa changa) ndiyo usiseme, ukiipa mgongo siku mbili imeshakuwa mchi wa kinu. Mwisho wa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba baridi ya kugandisha inapiga, basi, kwisha habari mpaka Mei. Majirani nimewagawia hadi wameanza kunikwepa.

Friza yangu ni ile ndogo ya juu ya friji. Nyumbani ugali karibu kila siku, kwa hiyo mboga za majani ndizo ninazozijali zaidi. Mngekuwa nyie mngefanyaje?

MamaWawili (Columbus, Ohio)
Dada, majani gandisha, usihangaike. Ila usiyatupe mabichi kwenye friza kama wengi wanavyofanya. Majani mabichi yakigandishwa vimeng'enya vyake, vile vitu vya asili vinavyobadilisha ladha na rangi, havilali, vinaendelea kazi polepole, na ukija kupika Januari unakuta mboga ina harufu ya nyasi kavu. Chemsha maji yatokote kweli, tumbukiza sukuma wiki dakika 3, mchicha 2, toa moja kwa moja kwenye maji ya barafu kwa muda uleule. Kamua. Kamua tena. Gawa kwa mlo mmoja mmoja kwenye mifuko, ilaze bapa ikigandia hivyo hivyo, halafu ipange wima. Friza yako ndogo itameza mengi kuliko unavyodhani.

Nsansa_Tamu (Shinyanga)
Friza ya nini jamani? Huku majani ya kunde tunayachemsha kidogo, tunayaanika, tunaweka. Hiyo ndiyo nsansa. Mvua zikikatika na bustani ikawa vumbi, unaroweka, unapika na karanga za kutwanga, watu wananyamaza mezani. Umeme ukikatika hakuna cha kuharibika. Angalizo moja tu: anika kivulini panapopita upepo. Jua kali moja kwa moja linapunguza vitamini A kwenye majani.

BustaniUani
Mkuu, nsansa umenitamanisha. Tatizo Agosti ya huku hewa ina unyevu mwingi, majani yanawahi ukungu kabla hayajakauka.

JikoKavu (Toronto)
Nunua kikausha chakula cha umeme, ni trei na feni tu. Nyuzi 52 hadi 57 za Selsiasi, usiku kucha. Bamia zikatwe vipande vyembamba, nyanya zile ndefu zenye nyama nyingi na maji machache. Mimi na MamaWawili tunakubaliana kwenye sukuma: ikikaushwa inafaa kutupia kwenye supu, lakini kwa ugali haina raha. Mlenda na kunde ndiyo mboga za kukausha, zinarudi vizuri.

NesiMstaafu
Nimeona hakuna aliyegusa chupa, yaani kuhifadhi chakula kwenye chupa za kioo zilizofungwa kabisa, ngoja niseme mimi. Maharage mabichi na mboga za majani MSIWEKE kwenye chupa kwa kuchemsha kwenye sufuria ya kawaida. Mboga hizo hazina uchachu wa kutosha, na mbegu za bakteria wa botulizimu, wale wanaotoa sumu kali kwenye chakula, haziuawi na maji yanayochemka kwa nyuzi 100. Inatakiwa mashine ya presha ya kufungia chupa, inayofika nyuzi 116. Sumu yake inaweza kuwemo na chakula kisionyeshe dalili yoyote, kwa hiyo habari za "nitaonja kwanza" acheni kabisa.

Nyanya zina nafuu, nazo ziongezewe maji ya limau ya dukani, vijiko 2 vikubwa kwa chupa ya lita moja hivi. Nasema ya dukani kwa sababu uchachu wake haubadilikibadiliki, ndimu za kukamua mwenyewe zinatofautiana.

Kijana_wa_Kericho
Mnamharakisha bure kwenye sukuma. Sukuma wiki inavumilia baridi, tena ikipigwa na baridi mara moja mbili inazidi utamu. Iache bustanini iwe ya mwisho. Anza na vya kufa haraka: mchicha, bamia, maharage. Mchicha hasa, maana siku zikianza kuwa fupi unakimbilia kutoa maua na majani yanakuwa magumu.

Nyanya zilizoanza kubadilika rangi vuna kabla ya baridi, weka kwenye boksi ndani ya nyumba pamoja na ndizi mbivu, zitaiva zenyewe. Kwenye friji hapana, zinapoteza ladha.

MamaWawili
Nyongeza hapo: nyanya mbivu zinagandishwa nzima nzima bila kuchemshwa. Siku ya kupika pitisha chini ya bomba, ganda linavuka lenyewe. Za mchuzi tu lakini, kachumbari usahau.

BustaniUani
Nimewapata. Mchicha na maharage friza wiki hii, bamia nitaazima kikausha kwanza nione, sukuma naiacha nje. Chupa za nyanya, Nesi, umeniogopesha, nazigandisha. Sasa zukini?

Kijana_wa_Kericho
Ikune kwenye kikunio, kamua maji, changanya na unga wa chapati. Watoto hawatajua.

Nsansa_Tamu
Mpelekee jirani usiku, weka mlangoni, kimbia.