Mrejesho: Mafumbo ya mikono wakati wa mapumziko

Habari zenu wapendwa. Mwezi uliopita niliwauliza: nawafundisha mapacha wangu nyumbani, Nyegezi hapa Mwanza, na kila tukipumzika wanagombania simu. Niwape nini cha kushika? Mkanishauri mafumbo mawili: tangramu, yaani vipande vya kupanga maumbo, na mnara wa Hanoi, wa kuhamisha visahani kwenye vijiti.

Tangramu nilikata mwenyewe kwenye boksi la sabuni. Mraba mmoja unatoa vipande 7: pembetatu 5, mraba mdogo na msambamba. Doto akapanga samaki, akasema huyu ni sato. Mkia ukagoma. Kulwa akachukua ule msambamba, akaulaza upande wa pili, mkia ukakaa. Ni kipande hicho tu ambacho ukikipindua umbo linabadilika, na waligundua wenyewe.

Mnara alinichongea fundi seremala kwa mabaki ya mbao: vijiti 3, visahani 5. Nilivipiga msasa mwenyewe, vilikuwa na vibanzi. Visahani vinapangwa kwenye kijiti kimoja, kikubwa chini, halafu unavihamishia vyote kijiti kingine, kimoja kimoja, na kikubwa hakikai juu ya kidogo. Tulianza na visahani 3, hatua 7. Vinne, hatua 15. Jana Kulwa akaniita jikoni: “Mama, unazidisha mara mbili halafu unaongeza moja!” Tukajaribu vyote vitano, Doto akihesabu kwa sauti. Hatua 31. Machozi yalinilenga, kwa kweli.

Simu bado wanaiulizia, hasa jioni. Lakini mapumziko ya saa nne asubuhi, wakishakunywa uji, ni mnara kwanza. Aliyesema nianze na visahani 3, asante sana, Mungu akubariki.