Maziwa hayaondoi vumbi kifuani! Bosi, tununulie bomba la kuvuta hewa

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na uzi utakuwa mrefu. Mnivumilie.

Mimi ni fundi cherehani, nakaa kwenye ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa, katika karakana moja ndogo hapa Dar es Salaam. Sitaitaja jina. Tunashona foronya, mito na vigodoro vya watoto. Chumba kina mita 4 kwa 6, dari iko kama mita 3 juu, na humo ndani tumo watu 11. Mwaka jana bosi alileta mashine ya kuchambua. Unailisha mabaki ya vitambaa pamoja na pamba ya daraja la chini, ile yenye vipande vya majani na maganda, inayatafuna kwa meno na kuyatema yakiwa laini, tayari kujazwa kwenye mito. Mwanzoni ilikaa uani. Mota ikaibiwa. Ilipofungwa mota mpya ikaingizwa ndani, hatua tatu kutoka kwenye kiti changu.

Toka siku hiyo hatuna hewa. Jua likipenya dirishani asubuhi unaona chumba kizima kinaelea. Manyoya ya pamba yamejaa kwenye kope, kwenye nywele, kwenye chai. Nikipenga kamasi jioni inatoka na rangi ya kitambaa kilichosagwa siku hiyo. Mwanangu wa miaka minne ameshazoea kunikung'uta mgongo mlangoni kabla sijambeba. Majirani walilalamika kwamba manyoya yanawachafulia nguo kwenye kamba, basi bosi akaamuru madirisha ya upande wao yafungwe. Jirani kalindwa nguo zake. Sisi mapafu yetu hayakumgusa mtu.

Na dawa aliyotupa ni maziwa. Pakiti moja kila mtu, kila siku. "Kunyweni, yanasafisha kifua."

Nimelisikia hili tangu nikiwa mdogo. Wapiga rangi wanaambiwa wanywe maziwa, wachomeleaji hivyo hivyo, wa mashine za unga hivyo hivyo. Jamani, tuliache. Maziwa yanapita njia ya chakula kwenda tumboni. Vumbi linapita njia ya hewa kwenda mapafuni. Zikishaachana pale kooni, njia hizo mbili hazikutani tena. Anayependa maziwa anywe, ni chakula kizuri, lakini hata ukinywa ndoo hayafiki lilipo vumbi. Pakiti 11 kwa siku, siku 6 kwa wiki, ni pakiti 66. Zidisha kwa miezi 10 aliyotununulia, kisha mtu aje aniambie kwamba hela ya feni moja na mabati mawili haipo.

Kilichonifanya nisilale ni mzee wetu wa mashine. Ndiye anayelisha, uso wake uko pale pale mdomoni. Kila Jumatatu ikifika mchana anashika kifua, anavuta pumzi kwa shida. Jumatano anapata nafuu, Ijumaa utadhani hana kitu. Wiki ikigeuka, yale yale. Aliniambia, "Mwanangu, Jumatatu ndiyo inanitafuta." Bosi alisema mbele za watu kuwa ni pombe za Jumapili. Mzee huyu hajawahi kugusa pombe, ni mtu wa swala tano. Aliinama, hakujibu. Amepimwa kifua kikuu mara mbili, hana. Akapewa dawa ya kikohozi na kurudi kazini, na kote alikopita hakuna aliyemuuliza, "Baba, unafanya kazi gani?"

Nikaanza kusoma. Wakuu, hali hiyo ya Jumatatu inajulikana duniani miaka mingi! Inaitwa bisinosisi, ugonjwa wa vumbi la pamba, katani na kitani. Pamba ghafi inakuja na takataka za mmea, na takataka hizo zina bakteria wenye sumu inayokera njia za hewa. Mtu akipumzika mwisho wa wiki halafu akarudi kwenye vumbi, kifua kinabana siku hiyo ya kwanza, kisha kinalegea kadiri wiki inavyosonga. Ukiendelea miaka, kubana kunahamia siku zote za wiki, na mapafu yaliyofika hapo hayarudi kama zamani. Mimi si daktari, sisemi ndicho anachoumwa mzee. Nasema alistahili kupimwa nguvu ya pumzi Jumatatu kabla ya zamu na tena baada ya zamu. Kipimo chenyewe ni kupuliza kwenye mrija.

Marekani waliweka kiwango cha vumbi la pamba mwaka 1978. Viwanda vya kusokota nyuzi vikapewa mikrogramu 200 za vumbi laini kwa kila mita moja ya ujazo ya hewa, na kazi za kuchambua mabaki ya pamba, kama hii yetu, mikrogramu 1,000, yaani miligramu 1. Nikapiga hesabu ya chumba chetu. Mita 4 mara 6 mara 3 ni mita za ujazo 72. Kwa hiyo hata kwa kiwango hicho kilicholegezwa, vumbi laini lote linaloelea chumbani lisizidi miligramu 72. Huo ni uzito wa punje tatu hivi za mchele, zilizosagwa na kutawanywa chumba kizima. Sisi tunazoa ndoo jioni! Najua kinachozolewa ni manyoya mazito, si lile vumbi laini. Hapo ndipo ninapoogopa zaidi, kwa sababu manyoya unayoyaona yanaishia puani na kooni. Linalozama ndani kabisa hulioni.

Sasa tazameni tunavyolishughulikia. Pangaboi mbili zinazunguka kutwa, zinaokota lililotua chini na kulirudisha usoni. Jioni kijana anawasha kompresa na kupuliza mashine zote, nasi tukiwa bado ndani tunafunga mizigo. Ule upepo ndio mbaya kuliko vyote, unachukua vumbi la siku nzima na kulifanya jipya. Sheria hiyo ya Marekani imekataza kusafisha kwa kompresa mahali ambapo njia nyingine inawezekana. Nyingine zipo: kufyonza kwa mashine, au kupangusa kwa kitambaa chenye maji. Na kuna hatari ya moto. Juzi nimefungua kifuniko cha soketi nikakuta pamepakiwa manyoya kama mto. Cheche moja tu pale, na mlango wetu ni mmoja.

Barakoa tulizopewa ni zile za bluu za hospitali, zimeachia mashavuni, hewa inapita pembeni. Zile za N95 zinakamata asilimia 95 ya chembe laini, lakini lazima zishike uso vizuri, na mzee ana ndevu. Kwa hiyo barakoa hata ikiwa nzuri iwe nyongeza. Vumbi likamatwe linapotokea, kabla halijatufikia.

Na hii si kazi ya mzungu. Mashine irudi uani kwenye kibanda chake chenye mlango wa chuma na kufuli, wizi ndio udhibitiwe kwa kufuli. Ifunikwe kwa boksi la bati, liachwe tundu la kulishia tu. Bomba la kuvuta liunganishwe kwenye boksi lenyewe. Nasisitiza hapa kwa sababu bosi aliwahi kufunga feni ndogo juu ya dirisha la mbali, akasema kamaliza. Bomba halivuti kama linavyopuliza. Bomba la inchi 6, ukienda inchi 6 tu kutoka mdomoni mwake, kasi ya hewa imebaki kama sehemu moja ya kumi. Ile feni ya mita 4 kutoka kwenye mashine ilikuwa inavuta hewa ya dirishani. Hewa inayovutwa ipitishwe kwenye pipa la bati lililochongoka chini kama faneli, izunguke humo, manyoya yaanguke, na inayotoka ichujwe na mfuko wa kitambaa kizito ili majirani nao wapone. Mafundi bati wa mjini wanakunja vitu vigumu kuliko hivyo kila siku.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu 2003. Inataka sehemu ya kazi isajiliwe na wafanyakazi wapimwe afya. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo, mchango unatoka kwa mwajiri, na magonjwa yatokanayo na kazi yamo, si ajali za kukatika vidole tu. Nilipomtajia bosi alinijibu, "Dada, kazi ya vitambaa ina vumbi, hukujua ulipokuja?" Nilijua. Sikujua kwamba nitalipumua mimi ili yeye asinunue bati.

NYONGEZA, saa 3 usiku: Kuna mkuu kaandika "si muache kazi tu". Kaka, nikiacha mimi kesho anakaa binti mwingine kwenye kiti kile kile, pengine wa miaka 18, na mapafu yake ni mapafu. Siachi. Tumeongea wote 11, tisa wamekubali: Jumatatu mashine haiwashwi ikiwa ndani, na kompresa haipulizwi watu wakiwemo. Mzee tumemwomba akae kwenye kukunja foronya, mshahara wake usiguswe. Barua ya kwenda kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) nimeshaiandika, nataka tu mwenye uzoefu aniambie ofisi zao wanapokea kwa mkono au vipi. Na aliyewahi kutengeneza lile pipa la faneli kwa mashine ya kuchambua pamba aniwekee hapa vipimo vyake: kimo, upana wa juu, upana wa tundu la chini, na nguvu ya mota ya feni. Fundi bati ameniambia nikimletea vipimo Jumamosi anaanza kukata.